Njoo Kabla Mueni Hajapelekwa Ndithini

S.L.P. 318,
Machakos.
19 Julai 2002.

Mpendwa shemeji Mutua,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na mama watoto Kalondu, na wote walio hapo nyumbani Shimba Hills. Habari za siku nyingi? Ule mguu wako uliokuwa ukivimba umepata nafuu? Na minazi je? Tumesikia mvua imewatembelea vizuri huko Kwale. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yenu, ingawa wivu kidogo haukosi.

Mimi niko, shemeji. Baridi ya mwezi huu ni ile unayoijua wewe, ya manyunyu asubuhi na ukungu kulala juu ya vilima vya Iveti hadi karibu adhuhuri. Magoti yanagoma nikiamka, lakini yakishapata moto yananibeba. Mwanangu Mulwa bado yuko Eldoret na watoto wake, ni wazima. Alinitumia sweta nzito na ndiyo nimevaa sasa. Chumba cha pembeni anakaa yule mwalimu mpangaji wangu, Mwihaki, msichana wa Murang'a mwenye heshima zake. Stima ikipotea jioni ndiye hunisomea Biblia, kwa maana macho yangu na mshumaa havipatani tena.

Kule shambani Kathiani mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini. Maharagwe tulipata kidogo, ya kula tu. Ule mparachichi wa marehemu mama yenu ulizaa sana mwaka huu, na nilitaka nikutumie gunia, lakini mambo yakaniingilia.

Nimezunguka na salamu, shemeji, ili upate nafasi ya kuketi. Kama unasoma ukiwa umesimama, tafadhali keti. Nakuandikia juu ya dada yako Mueni.

Unakumbuka nilivyokuwa tulipomzika kaka yako Bartholomew. Niliporudi mjini nilifunga mapazia nikakaa ndani. Nilikuwa sipiki. Watu walikuja wiki za kwanza, kisha wakarudi kwenye shughuli zao kama ilivyo kawaida ya watu. Ndipo siku moja jioni Mueni akanibishia, yeye mwenyewe mjane wa muda mrefu, amevaa raba za mpira na leso begani. Hakunipa pole. Aliniambia, "Wayua, vaa viatu." Nikavaa. Tangu siku hiyo, kila jioni jua likipungua makali, mimi na wifi yangu tumekuwa tukitembea kutoka hapa kwangu, tunapita kwa wauza mbao, tunateremka mpaka daraja la Maruba, halafu tunarudi.

Sitaki ufikiri ni matembezi ya bure ya wazee wasio na kazi. Njia ile ndiyo iliyotuweka hai. Kuna Mzee Mbithi, yule fundi wa nguo aliyepooza upande mmoja. Watoto wake humtoa nje kwa kiti, atungoje tumletee habari za mjini, na ole wetu tukipita bila habari. Kuna Waithaka, Mkikuyu anayeuza mbao. Akituona huwaambia wateja wake, "Askari wa doria wamepita, sasa naweza kufunga." Tukikosa kupita siku moja, kesho yake mtu anatumwa kuuliza kama tunaumwa. Mtu akizeeka, shemeji, haogopi sana kufa. Anaogopa kufa na watu wasitambue mpaka harufu iwaambie. Sisi hatukuwa na hofu hiyo, kwa sababu kulikuwa na njia nzima ya watu waliotungoja.

Mwaka jana baada ya mavuno dada yako alianza kupotewa na mambo. Mwanzoni ni vitu vya kuchekesha. Chumvi katika chai. Kwenda kanisani Jumamosi. Kisha akaanza kumwita Waithaka kwa jina la marehemu mumewe, na Waithaka akaitikia bila kumsahihisha, Mungu ambariki. Nikawa tukitembea nikimwona mtu kwa mbali namnong'oneza Mueni, "Huyo ni Mama Levi, mtoto wake alikuwa mgonjwa." Mtu akifika, Mueni anamsalimu kwa jina na kumwuliza hali ya mtoto, na yule anaondoka akifurahi kwamba amekumbukwa. Tuliishi hivyo miezi mingi. Hakuna aliyemdharau.

Shida ilikuja mwezi wa Aprili. Siku ya soko, mchana, nilikuwa nimekwenda kliniki ya macho. Mueni alitoka peke yake bila viatu. Justus, mwanawe, alimtafuta hospitali, polisi na kando ya mto. Aliyempata ni mwuza makaa, kwenye njia ya Kathiani inayopanda mlimani, jua likizama. Nyayo zilikuwa zinatoka damu. Alikuwa ametulia kabisa, akasema anakwenda kwa mama yake, ng'ombe wamechelewa kunyweshwa.

Justus si mtu mbaya. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea, kwa sababu hasira yangu inaweza kunifanya nimpake matope. Anaondoka alfajiri kwenda kiwandani Athi River na kurudi usiku. Mkewe Linet ana duka sokoni, na ni mjamzito. Usiku ule wa kumtafuta mama yake ulimvunja. Kesho yake alinunua kufuli kubwa na mnyororo. Tangu hapo wakitoka asubuhi wanamwachia chai katika thamosi na chakula kwenye sufuria, kisha wanafunga geti kwa nje.

Nilimwendea. Nilimwambia, "Justus, mwanangu, mama yako si kuku."

Akanijibu, "Mama, akigongwa na lori, ni wewe utakuja kumwokota barabarani?"

Nikamwambia mchana aniletee Mueni, akae sebuleni kwangu, na jioni tutembee kama kawaida, nimemshika mkono. Alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, si kwa dharau bali kwa huruma, ambayo ni mbaya zaidi.

"Wewe mwenyewe, Mama, unahitaji kushikwa mkono. Juzi si ulianguka pale kwa posho mill? Sasa mkianguka wote wawili?"

Ni kweli nilianguka.

Basi ikawa kila jioni natembea peke yangu mpaka geti la Justus. Ni geti la mabati, na pale mnyororo unapopita pana tundu la ukubwa wa kiganja. Nakaa kwenye jiwe nje, Mueni anakaa ndani kwenye ndoo aliyoigeuza, na tunaongea. Wiki za kwanza aliniuliza, "Twende?" Namwambia, "Kesho." Anasema, "Haya, kesho," anaingiza vidole katika lile tundu, navishika. Nilikuwa namweleza nani nimempita njiani na nani amemsalimu. Lakini mtu asiyeona watu, majina ya watu yanamtoka. Kiswahili kilimtoka kwanza, akabaki na Kikamba peke yake. Miguu ikavimba kwa kukaa. Akaacha kuuliza kama tutakwenda. Na mimi, shemeji, nikirudi giza likiingia nilikuwa napita kwa Mzee Mbithi bila kusimama, kwa sababu angeniuliza, "Mwenzako yuko wapi?"

Sasa nakuja kwa jambo la Jumanne iliyopita.

Ilikuwa siku ya manyunyu yasiyokatika. Nilitoka mapema kuliko kawaida, roho yangu ilikuwa inanisukuma tu, nikavaa gamboti na kuchukua mwavuli. Nilipokaribia nikasikia mtu anagonga mabati kwa vidole, polepole, kama mgeni anayeogopa kusumbua. Nikachungulia.

Mueni alikuwa amesimama uani, hana viatu, amevaa gauni la kulalia, na gauni lote limeshika mwili kwa maji. Nyuma yake mlango wa nyumba umefungwa. Ule mlango una kitasa kinachojifunga chenyewe. Alikuwa ametoka nje, upepo ukaubamiza, na sijui alisimama pale tangu wakati gani. Midomo ilikuwa rangi ya majivu. Nyumbani hawezi kuingia, barabarani hawezi kutoka.

Nikaita, "Mueni! Ni mimi, Wayua!"

Akasogea karibu na tundu, akasema kwa Kikamba, kwa sauti ya msichana mdogo, "Mwaitu, nimerudi na maji. Nifungulie."

Mwaitu, shemeji. Aliniita mama. Alifikiri yuko nje ya mlango wa mama yenu kule Kathiani na mama amekataa kumfungulia.

Nilivua leso yangu nzito nikaipitisha chini ya geti. Nikamwambia, "Jifunike, jifunike." Aliiokota, akaitazama, akaikunja vizuri mara mbili, akaiweka kwenye paji la uso, pale ukanda wa mtungi unapokaza mtu akiwa amebeba maji mgongoni. Akasimama hivyo akitetemeka, akingoja afunguliwe.

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu. Nilianguka mara moja, nikaamka, nikafika kwa Waithaka nikiwa sina pumzi, nikamshika shati. Alichukua mtaimbo akaja. Alipofika getini akasita.

"Mama Mulwa, hii ni boma ya mtu."

"Ndiyo, ni boma ya mtu," nikasema, "na mtu mwenyewe anakufa ndani."

Alitia mtaimbo kwenye mnyororo, akaukata. Mueni alipoona geti limefunguka hakutoka. Alikuwa amesahau kwamba geti hufunguka. Waithaka alimbeba mgongoni, mzee na utu uzima wake, mpaka kwenye pikapu yake, na tukampeleka hospitali. Homa ya mapafu, walisema. Wakamtia dripu.

Justus alifika jioni na ovaroli ya kazi, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Nilifikiri atanishika mkono. Alisimama mbele ya wagonjwa wote akaniuliza, "Nani alikuruhusu kuvunja geti yangu?"

Waithaka akasema, "Ni mimi nilivunja. Nitakuwekea nyingine."

"Sitaki geti! Mnataka mji wote ujue kwamba mimi namtesa mama yangu? Mnajua nalala saa ngapi? Mnajua tangu Aprili nikisikia simu ikilia nafikiri wameokota maiti yake?" Kisha akaketi chini kando ya kitanda, akafunika uso kwa ile kofia ngumu ya kiwandani, na mabega yakaanza kuruka. Mueni alikuwa macho. Alinyoosha mkono wenye dripu akamgusa kichwani, akamwuliza kwa Kikamba kama amekula. Sidhani alijua ni nani. Lakini alimwuliza.

Ndipo Justus akatangaza uamuzi wake. Jumamosi ya kwanza ya Agosti atampeleka mama yake na vitu vyake kwa lori mpaka Ndithini, kwenye shamba la upande wa marehemu baba yake. Kuna nyumba tupu huko. Ataajiri msichana wa kumpikia. Alisema, "Huko hakuna magari wala geti. Atatembea apendavyo."

Nikamwuliza, "Atatembea na nani?"

Aliinuka akavaa kofia yake.

Shemeji Mutua, Mueni hajawahi kuishi Ndithini hata siku moja. Hakuna mtu wala mti anaoujua huko. Hapa, hata kama yeye amewasahau watu, watu hawajamsahau. Akipotea sokoni kuna mtu atasema, "Huyu ni Mama Justus," na kumrudisha. Huko akitoka mlangoni atakuwa kikongwe fulani tu anayepita. Nimemwambia Justus haya yote. Yeye anasema mambo ya wazee kupendana hayawezi kuzuia lori.

Ndiyo maana naandika kwa haraka. Wewe ndiye ndugu wa pekee aliyebaki katika tumbo lile. Wewe ni mjomba wa Justus, na unajua kwetu mpwa hakazi shingo mbele ya mjomba wake. Mimi ni mke wa mjomba tu, tena mjane. Maneno yangu anayasikia kama redio ya jirani. Njoo, nakuomba. Keti naye umwambie mama yake abaki Machakos. Msichana huyo wa kuajiriwa aajiriwe hapa, amlinde kwangu mchana na atushike mikono sote wawili jioni. Mwihaki amekubali kupisha chumba ikibidi. Nilijaribu kupiga simu ya lile duka karibu na kwenu, lakini inaniambia namba haipo. Kwa hivyo barua hii nitampa dereva wa Waithaka anayepeleka mbao Ukunda Jumatatu. Ameniapia ataileta mpaka mlangoni kwako.

Jumapili, 21 Julai.

Shemeji, bado bahasha iko mezani, nami sina budi kuongeza.

Leo baada ya ibada nilikwenda hospitali. Kifua kimeanza kufunguka, watamruhusu aende nyumbani siku mbili hizi. Lakini jina langu limemtoka kabisa. Alinitazama kama unavyomtazama mtu mliyekaa naye foleni. Nilimpa ndizi akala. Kengele ya wageni kutoka ilipolia nikasimama, akanishika mkono wa sweta. Nesi akasema, "Shosho, muache aende." Hakuniacha. Ilibidi nesi amfungue kidole kimoja kimoja. Alikuwa halii wala hasemi, ananishikilia tu, na macho yake yalikuwa yamejaa woga ambao sijawahi kuuona kwa mtu mzima.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Justus. Linet alinipa chai. Justus aliketi mbali, pale kwenye kochi la mwisho, akingoja ugomvi.

Nikamwambia, "Sikuja kugombana. Lori ikienda Ndithini, niwekee nafasi. Nakwenda naye."

Akanyanyua kichwa. "Unakwenda kumsindikiza?"

"Kukaa."

"Mama, huko humjui mtu hata mmoja."

"Hata yeye hamjui mtu."

"Na nyumba yako? Na Mulwa atasema nini? Na magoti yako hayo?"

"Nyumba Mwihaki ataitunza. Mulwa nitamwandikia. Magoti yatakwenda na mimi, sina pa kuyaacha."

Linet alitoka akaenda jikoni, nikasikia anapenga kamasi. Justus aliangalia chai yangu ikipoa. Mwishoni alisema lori itaondoka mapema kabla ya jua kali, na kwamba nisibebe kitanda, atanitafutia kingine.

Nilirudi kwa njia yetu. Leo nilisimama kwa Mzee Mbithi nikamwambia kila kitu. Aliniuliza ni nani atakayemletea habari sasa. Nilimshika ule mkono wake uliokufa.

Naogopa, shemeji. Wewe nakueleza kwa maana sina mwingine. Watu wote wanaonijua wako kwenye ile njia ya kwenda Maruba, na nitakuwa nawaacha wote kwa siku moja, katika umri ambao mtu hapati wengine. Usiku nikifikiria nyumba tupu ya Ndithini, na mwenzangu asiyejua jina langu, naamka kuwasha mshumaa. Lakini nikifikiria vile vidole vikifunguliwa kimoja kimoja, naona hakuna njia nyingine. Njoo kabla ya Jumamosi hiyo unibadilishie uamuzi huu, kama kuna mwenye uwezo. Nikifia huko, nirudisheni Kathiani kando ya kaka yako.

Nisalimie Kalondu sana, mwambie vikapu alivyonisukia bado havijalegea. Nisalimie Rodgers na Carol na watoto wao, na mzee wa kanisa hapo aliyeniombea nilipokuja mwaka ule. Mungu aliyewavusha katika ukame wa Ukambani awape chakula na amani huko mliko, na auponye mguu wako upate kusafiri.

Ukifika baada ya Jumamosi hiyo, usibishe hodi hapa kwangu. Panda gari la Ndithini. Na ukishuka usiulize Wayua wala Mueni, kwa maana huko hakuna atakayekuwa anatujua kwa majina. Uliza wale wanawake wawili wazee wanaotembea jioni wameshikana mikono.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye na ninayekungoja,

Wayua, Mama Mulwa.